Masikio Hayana Mlango

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Macho yana kope, wazee wangu. Nayafumba.
Ni masikio yasiyo na mlango,
wala komeo, wala bawabu wa kuuliza:
wewe nani, na umetumwa na nani?

Sheffield, Jumamosi, saa nne asubuhi.
Fulana nimeigeuza ndani nje,
mishono iutazame ulimwengu, isinitazame mimi.
Mfukoni vizibo viwili vya sponji, rangi ya chungwa,
na ndimu moja, ya kukwaruza kwa ukucha
manukato ya watu yakinipanda kichwani.

Tramu naijua. Ikikata kona pale karibu na kanisa kuu
chuma husaga meno,
kwa hiyo nashuka kituo kimoja kabla
nakipanda kilima kwa miguu, mvua ikininyeshea.
Mvua haina neno.
Mvua hupiga kote sawasawa, kama mtu mwenye adabu.

Supamaketi ndiyo mtihani.
Friji za maziwa zinashikilia noti ileile tangu ziwashwe.
Taa ya tatu kutoka mlangoni inakata roho, haikati:
tik. tik.
tik.
Mashine za kulipia zinalia, kila moja na saa yake,
toroli lina gurudumu bovu,
kuku wa kuchoma ananukia kwa sauti kubwa,
na wote wanaingia pamoja, bila hodi,
wanagombea kiti kimoja.
Nilikuja kununua nini?
Vitunguu. Sema vitunguu.
Vitunguu.

Kuna siku nilikiacha kikapu katikati ya njia
nikatoka kama aliyeona moto.
Sasa naandika kwenye karatasi:
mchele, vitunguu, mlango uko kushoto.

Utotoni niliitwa mwenye kiburi.
Nilinyweshwa kombe mara tatu, wino wa zafarani,
na mara zote tatu kilichoniuma
ni kijiko kugonga ukingo wa bakuli.
Nilipofika miaka arobaini na miwili
daktari wa hapa, mwanamke mwenye soksi zisizofanana,
akanipa neno: usonji.
Nilimpigia simu dada yangu Mishi.
Alikaa kimya hata nikadhani laini imekatika.
Kisha akasema,
“Kumbe hukuwa ukitukimbia sisi.”

Sikio halilali njaa, walisema tena.
Langu hulala limevimbiwa.

Wiki iliyopita Mishi alimwoza binti yake,
ukumbi wa Burngreave, spika kubwa kama makabati.
Gauni langu alilitilia bitana kwa mkono wake,
kanga kuukuu iliyofuliwa hata ikasahau jina lake.
Nilistahimili nyimbo nne.
Ya tano ikaja na vigelegele
(navipenda, naapa, ila ni furaha yenye ncha)
nikateleza hadi chumba cha makoti.

Makoti kama sitini. Sufu, ngozi, mengine yangali na mvua.
Nikajipenyeza katikati, yakanilalia mabegani
kama jamaa wanaokupenda na hawana la kusema.

Chini, karibu na buti za mtu,
viatu viwili vidogo vya sherehe.
Mtoto wa kiume, viganja vimebana masikio.
Hatukusalimiana.
Nilikwaruza ndimu, nikampa.
Akanusa, akanirudishia.
Akaitaka tena.

Ukutani ngoma iligonga, lakini iligonga kwa nje.
Nasi tulikuwa wageni waalikwa,
kadi zetu tunazo,
tukiila harusi kijiko kwa kijiko.

Kitambo kidogo mlango ukafunguka upana wa mkono.
Sahani ya pilau. Kisha nyingine.
Mkono wenye hina mpya ukaziweka sakafuni,
haukupapasa, haukuuliza kitu,
ukavuta mlango polepole,
polepole sana,
ukikishika kitasa kisije kikalia.