Kanyaga, Shikilia

Asubuhi pedali ilizama, haikurudi.
Nilikuwa mataa ya Shekilango na mwanafunzi wa siku ya tatu,
mguu wake wa kushoto umefika kwenye kapeti,
gia imegoma, nyuma yetu honi zinatukana.
"Mwalimu, nimeliua gari?"
Hujaliua, nikamwambia. Limechoka na miguu.

Miaka kumi na minne miguu imepita pale:
nesi wa Temeke aliyevua viatu ili aisikie klachi,
muuza magodoro aliyekanyaga kana kwamba anaua nge,
mstaafu wa bandari, mzee Mwinjuma,
aliyeomba radhi kila injini ilipozima,
akiliomba gari, si mimi.
Raba ya pedali imelika upande mmoja
kama kisigino cha ndala.

Sasa Chande yuko chini ya gari, Mabibo,
mgongo juu ya boksi la friji.
Anatoa mpira wa zamani, umevimba katikati
kama nyoka aliyemeza panya.
Paipu ya chuma imeota kutu pale ilipobanwa na klipu.
Tone moja, tone jingine, mafuta yalikuwa yanaondoka
na mimi nikijaza, nikijaza,
nikijidanganya kuwa kujaza ni kutengeneza.

Ombeni alitumwa Gerezani.
Amerudi na paipu ya shaba, mpira mpya, chupa ya mafuta ya breki,
na chenji pungufu ambayo hakuna aliyeiuliza.
"Usimwage kwenye bodi," Chande anamwambia,
"haya yanakula rangi kuliko chumvi ya Kunduchi."

Kisha kutoa upepo.
Mpira wa dripu, wa hospitali, kauchomeka kwenye skrubu ya chini,
ncha ya pili imezama katika chupa ya maji ya kunywa.
Mimi niko kiti cha dereva.

"Kanyaga."
Nakanyaga.
"Shikilia."
Nashikilia.
Spana namba nane inageuka robo,
pedali inalegea chini ya unyayo,
kule chini kitu kinakohoa.
"Usiachie! Usiachie... Haya. Achia. Taratibu."

Nacheka peke yangu.
Maneno yangu hayo. Nimeyasema hadi yamenikaukia mdomoni,
leo yananirudia kutoka chini ya sakafu
kwa sauti ya mtu mwenye vumbi la kutu kwenye kope.
Kumbe yanachosha.
Kumbe goti hutetemeka.
Kumbe anayeambiwa "taratibu"
tayari yuko taratibu kadiri awezavyo.

Ombeni alipaswa kuangalia kikopo cha juu kisikauke.
Ombeni aliangalia simu.
Kikakauka. Upepo ukaingia upya, mwingi kuliko wa kwanza.
Chande alitoka, akamtazama, hakusema neno,
akajaza, akarudi chini.
Tukaanza moja.

Yalitoka meusi kama kahawa ya jana,
halafu kahawia, halafu rangi ya asali.
Mapovu makubwa, kisha madogo kama mate ya mtoto,
kisha mojamoja,
kisha (tulisubiri)
hakuna.
Upepo hauna ubishi, ndiyo tabu yake: ukiukanyaga, unakubali.
Mafuta hayakubali.
Ukiyasukuma huku, yanasukuma kule.

Pedali ikasimama. Ikanisukuma unyayo
kama mtu aliyeamshwa.

"Lijaribu," nikamwambia Chande. "Lizungushe hadi Relini."
Alifuta mikono kwa kitambaa
muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.
"Mwalimu, mimi siendeshi."
Miaka ishirini na miwili chini ya magari ya watu.
"Nalijua gari," akasema, "kwa chini."

Nikashuka, nikamwachia kiti.
Saa kumi na moja, uwanja wa gereji mtupu,
isipokuwa bodi la Kosta lisilo na vioo
na Ombeni, aliyesogea mbali bila kuambiwa.
Nikazunguka upande wa pili, nikavuta mkanda.
Mguu wake, ndala ina grisi,
ulitua palepale palipolika.

"Kanyaga," nikasema. "Shikilia."
Akashikilia. Kushikilia alikujua.
Kuachia ndiko kulikotusumbua
mpaka magharibi.