Msasa Namba Themanini

Kutu ya Mombasa haibishi hodi.
Huingia na hewa, hulala ndani ya mlango,
hula kutoka upande usioonekana,
mpaka siku ile kidole changu kilipozama
kwenye bati la Datsun kama kwenye mkate wa kumimina,
nikakaa chini, Tudor, nyuma ya nyumba,
nikilitazama tundu.

Fundi wa Mwembe Tayari alitaja bei
kwa sauti ya mtu anayetoa pole.
Nikamshukuru, nikapita dukani:
msasa namba themanini, mia mbili arobaini, mia nne,
brashi ya waya, puti, praima ya kijivu,
tina lita mbili, utepe wa karatasi.
Mke wangu akaitazama risiti, akalitazama gari,
akaihamishia kwa Mishi kamba yake ya nguo.

Bampa kwanza. Boliti nne:
tatu zilikubali, ya nne ilitaka mafuta ya taa
usiku kucha, na tusi dogo asubuhi.
Kisha taa, vipini, nembo iliyopoteza herufi ya kwanza.
“Atsun,” binti yangu Mwanasha huisoma,
kama mtu anayepiga chafya.
Kila skrubu ndani ya kopo la maziwa,
kila kopo na karatasi yake,
maana nakijua kichwa changu.

Halafu kukwangua.
Usimwamini anayekwambia rangi ndiyo kazi.
Rangi ni nusu saa ya kujionyesha.
Kazi ni brashi ya waya juu ya fenda
mpaka bega liombe talaka,
kutu ikipukutika kama pilipili ya unga,
ikitua kwenye nyusi, kwenye jasho, kwenye chai.
Ukipaka juu yake umemtandikia mgonjwa shuka safi,
dawa hujampa.
Kwangua hadi chuma kikutazame, cheupe, uchi,
na hapo ufanye haraka:
hewa yetu ina chumvi na haina subira.
Ulichokisafisha adhuhuri
magharibi kimeshaota wekundu.

Mkono wa Mwanasha huingia pale wangu unapokataa.
Ndiye aliyeuona.
Chini ya nyeupe palikuwa na buluu.
Chini ya buluu, nyeupe nyingine, kuukuu kama jino.
Na ubavuni, kwa maji na msasa laini,
ukajitokeza mstari wa manjano,
inchi kwa inchi, mlango wa mbele hadi wa nyuma,
umenyooka, hauna aibu.
“Baba, hii ilikuwa teksi.”

Bwana Sagaf aliponiuzia aliapa,
mkono kifuani, wallahi,
gari hili halijabeba mtu wa nauli:
ni msikitini, sokoni, na harusi mbili za mabinti.
Nilikilipia kiapo kile pamoja na magurudumu.

Nikampigia simu. Maneno nilikuwa nimeyapanga,
makali mbele, laini nyuma, kama namba za msasa.
Nikasema: mstari umetoka.
Akanyamaza. Nikasikia feni yake ikizunguka.
Kisha akauliza, taratibu:
“Mlango wa nyuma, wa kushoto,
bado unalia ukifunguliwa?
Nilikuwa nikilala humo, stesheni,
nikingoja garimoshi la Nairobi.
Abiria akija, ni mlango ule ulioniamsha.”

Nilisema unalia.
Sikukumbuka tena nilichokuwa nimepanga.

Leo puti imekauka. Vioo tumevifunika kwa magazeti,
Mwanasha amesimama mbele ya kioo kikubwa
akisoma matangazo ya vifo vya mwaka jana.
Praima imeshika; gari limekuwa kijivu kizima,
na majirani wanauliza rangi gani, rangi gani.
Bado.
Mlango wa nyuma wa kushoto nimeukwangua,
nimeuziba, nimeulainisha kwa namba mia nne,
kote isipokuwa bawaba.
Kopo la grisi liko pale, kifuniko wazi.
Kesho, labda.