Kurwa na Doto

Kurwa kazaliwa kwanza, kwa mawe na chokaa,
kati ya mlima mweusi na maji ya chumvi akakaa.
Doto kazaliwa juzi, ghorofa ya tisa,
katika chumba cha baridi ya kukaza vidole.
Akalishwa namba tangu siku ya kwanza
na hajawahi kulia.

Mimi nililetwa kumpima.
Fomu ya ngazi tano, kalamu mbili, shali begani.
Swali: Je, pacha huyu wa Maskati amepevuka?
Fomu ni ya Kiarabu. Kuhesabu
nahesabu kwa Kiswahili, kama mama alivyonifunza
kwa kokwa za tende juu ya busati.

Mhandisi Muhanna akawasha skrini
kama baba anayeonyesha ripoti ya shule ya mwanawe.
"Muulize lolote."
Nikauliza taa. Doto anazijua zote,
hata ile ya Ghubra inayokonyeza tangu Shaabani.
Nikauliza mabomba. Akayataja kwa umri na kutu.
Nikauliza joto la lami saa saba mchana:
nyuzi sitini na tatu, akajibu, bila tone la jasho.

Ngazi ya kwanza, kufanana. Tiki.
Ya pili, kusikia. Tiki.
Ya tatu, kutabiri. Muhanna akamimina mvua ya kubuni,
milimita tisini kwa saa mbili.
Maji yakashuka mlimani, rangi ya samawati safi
(ya wadi wa kweli huja na rangi ya chai ya maziwa,
yamebeba matairi, mbuzi, mlango wa mtu).
Doto akatuonyesha nyumba za kuhamishwa, moja moja.
Jengo 418, ukingoni kabisa: tupu.
Rangi ya kijani. Salama.

Saa kumi alasiri nikateremka kwa miguu.
Miguu haimo kwenye fomu.
Jengo 418 halina rangi, halina madirisha,
na ghorofa ya pili, kwenye waya,
zimeanikwa fulana kumi na moja na shuka la maua.
Mlangoni ndala. Nikazihesabu:
jozi kumi na sita, na moja ya kushoto, peke yake.
Kijana aliyekuwa akimenya vitunguu akainuka ghafla,
akaitazama shali, akaitazama kadi shingoni mwangu.
"Hakuna mtu, mama," kwa Kiarabu cha kuokoteza.
"Hapa hakuna mtu."

Nikarudi juu.
"Doto, nani analala 418?"
Hakuna.
"Una hakika?"
Asilimia mia.

Hapo ndipo nilipouona utoto wake.
Muulize mtoto jua linalala wapi, atakujibu papo hapo;
mtu mzima hukohoa kwanza.
Nikatafuta kisanduku cha "sijui"
toka ngazi ya kwanza hadi ya tano. Hakipo.

Nikakaa na kalamu.
Nikiandika kumi na sita,
watakaotangulia kufika pale si waokozi.
Nikiandika sifuri, mvua itakuja kusahihisha.

"Mpake kijivu," nikamwambia Muhanna.
"Wapi?"
"Popote asipopajua."
"Na kijivu maana yake nini?"
"Maana yake, gonga mlango kwanza."

Akanuna. Miaka mitatu ya kazi,
na mimi nimeandika mbili na nusu.
Siku nne hakujibu simu.

Alhamisi akaniita.
Doto alikuwa kwenye skrini, uso umemharibika,
madoa ya kijivu toka Sibu mpaka Ruwi,
kama mvulana wa miaka kumi na mitatu aliyeota chunusi.
Nikatafuta 418. Kijivu.
Nikaweka kidole kwenye doa jingine, dogo, huko Mawaleh.
"Na hili?"
Muhanna akakohoa.
"Jiko la mama," akasema. "Alilijenga nyuma ya nyumba.
Kibali sijui kama anacho."