Udongo Uliozoea

Piovano alilibwaga dumu juu ya kaunta yangu
akasema, mbele ya wateja watatu na paka,
"Bustingorri, dawa yako umeitia maji."
Miaka kumi na tisa nauza dawa ya magugu
katika mji huu wa Pampa wenye reli moja
na treni isiyosimama.
Sijawahi kutia hata tone.

Lakini shambani kwake, mahindi yakifika magotini,
magugu yalikuwa yamenyanyua shingo
kama wageni waliokaribishwa.
Mji ukaninyima salamu. Hata mwoka mikate
alinirudishia chenji akiangalia ukuta.

Ikabidi aitwe Ercilia wa maabara ya mkoa,
mwanamke wa maneno machache na buti za mpira,
chupa ya chai ya mate kwapani.
Akachota udongo wa Piovano.
Akachota na wa makaburini, chini ya ukuta,
ambako hakuna aliyewahi kunyunyiza kitu
ila machozi, na hayo pia si ya kila maiti.
Sehemu ya ule wa Piovano akaipika kwa mvuke
hadi kila kilicho hai kikafa.
Chupa tatu. Dawa ileile, kutoka rafu yangu.

Siku ya kumi na nne akapiga simu.
Ya makaburini: dawa ipo, karibu yote.
Iliyopikwa: ipo.
Ya Piovano: imeliwa.

Imeliwa.
Nililirudia neno hilo kama mtu anayejaribu ufunguo.

Wamo humo, akasema, bakteria,
kijiko kimoja ni taifa zima.
Zamani sumu iliwapita kama lugha ya ugenini.
Kisha mmoja akaibandua klorini,
mwingine akaing'oa mikono ya pembeni,
mwingine akaipasua pete yenyewe
akakuta nitrojeni. Chakula!
Na ujuzi huo hawakuufungia kabatini:
walipokezana, jirani kwa jirani,
hata na asiye wa ukoo wao.
Kila msimu Piovano alipowasha trekta
alikuwa anawaandalia meza.

Nikamwuliza: nikileta dawa nyingine?
"Watachelewa," akasema.
Hakusema watashindwa.

Mashahidi wangu, basi, hawana macho wala midomo,
wala hawajui kama kuna duka.

Jumamosi Piovano akaja, kofia mkononi,
akazungumzia mvua, bei ya dizeli, tena mvua.
Akanunua majembe mawili.
Hakuomba risiti wala radhi.
Paka akamsindikiza hadi mlangoni.