Chujio la Matete

Bibi yangu Genowefa aliujua mto kwa rangi zake.
Jumatatu mwekundu, kiwanda kilipochovya mapazia;
Alhamisi wa buluu, wenye povu la mbwa mgonjwa.
Aliangalia dirishani, akajua siku.
Kisha jiji la Łódź likaona haya,
likautia mto bombani, likaufukia,
likapitisha tramu juu yake.
Tokea hapo tuliusikia tu
ukikoroma chini ya vifuniko vya chuma
kila mvua iliponyesha.

Mimi ndiye ninayesafisha wavu pale maji yanapoingia.
Reki, glavu, buti za mpira, basi.
Mvua ya Julai haibishi hodi:
inaosha mapaa, inaosha maegesho,
inazoa oili, vumbi la breki, mavi ya mbwa,
vipisi vya sigara visivyo na idadi,
na vyote inanikabidhi mimi,
kama mgeni anayevulia viatu vya tope
juu ya mkeka wako.
Leo nimetoa ndara ya mtoto, kifuniko cha gurudumu,
na meno ya bandia. Ya juu tu.
Nikayaweka ukutani, huenda mwenyewe akapita.
Kesho yake hayakuwapo.

Baada ya wavu kuna bwawa la kwanza,
na hapo maji hufundishwa kusubiri.
Mchanga unashuka. Kizito hujijua.
Kisha matete,
matete tuliyopanda kwa mikono, mche baada ya mche,
mwezi wa Mei, migongo ikitulilia,
sasa yamesimama miguu ndani ya tope jeusi
ambamo vijidudu visivyoonekana
vinatafuna kile tulichomwaga.
Haba na haba hujaza kibaba;
nasi kibaba tulikijaza, cha sumu,
miaka mia na hamsini.
Haba na haba kinamwagwa.

Zenobiusz wa ghorofa ya nne
alitia saini ya kwanza kwenye waraka wa kupinga.
Alitaka maegesho.
“Mnatuletea mbu,” alisema,
“babu zetu walikausha vinamasi kwa majembe,
ninyi mnavichimba kwa mkopo wa benki!”
Sikumjibu.
Mwenye tope magotini hashindi mabishano.

Wakaja kereng'ende, hakuna aliyewaita.
Akaja kukuziwa, akajenga tago lake
kwa matete na kamba ya bluu na risiti ya duka la dawa.
Wakaja mbu pia, sitakudanganya,
na nyuma ya mbu, mbayuwayu.

Machi, usiku wa kwanza usio na barafu,
vyura waliamka bustanini
wakashika njia ya bwawa,
na kati yao na bwawa kuna barabara.
Nilikwenda na tochi.
Nikamkuta Zenobiusz, koti juu ya pajama,
ndoo ya kupigia deki mkononi,
na ndani ya ndoo vyura kumi na saba
wakipandana kama abiria waliochelewa.
“Usimwambie mtu,” alisema.
Gari likaja. Akaingia katikati ya lami,
akainua kiganja,
na gari likasimama.
Tulihesabu hadi saa tisa.
Wengine tuliwakuta wameshakanyagwa. Hao naye aliwahesabu.

Maji hayajawa ya kunywa.
Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji
haishikwi na tete lolote;
nimeiona kwenye karatasi za maabara,
safu ya nne, imezungushiwa wino.
Nayasema haya ili usije na kikombe.

Lakini jana, pale maji yanapotokea,
nilichota chupa moja, nikaifunga,
nikaiinua kwenye mwanga wa asubuhi.
Nikaigeuza. Nikaigeuza tena.
Niliuona mtaa mzima humo ndani, umepinduka:
tramu, madirisha, nguo za Zenobiusz kambani.
Rangi, sikuiona.

Bibi angeitazama kwa muda mrefu,
kisha angeuliza:
kwani leo ni siku gani?