Mbuni na Mbuni

Fomu ina kijisanduku: Shahada ya kwanza.
Ukikibonyeza kinamwaga orodha,
Uhandisi, Hisabati, Takwimu, Fizikia,
nikateremka nayo kama mtu anayeshuka ngazi gizani
hadi kidato cha mwisho: Nyingine.
Hapo ndipo nilipo. Mimi ni Nyingine.
Shahada ya Sanaa, Isimu ya Kiswahili, Mlimani,
daraja la pili la juu,
na hesabu ya kidato cha nne, D,
niliyoibeba miaka tisa begani kama kovu la chanjo.

Nafasi ishirini na tano. Waombaji, nasikia, mia saba.
Kaka Rwegoshora, fundi wa minara ya simu,
alicheka mpaka chai ikampalia:
"Koku, wewe wa nahau na methali?
Huko watakuuliza matriki, si mishororo."
Nikanyamaza. Sikumwambia habari ya mbuni.

Ilianza Sinza, kwenye stesheneri
ninakochapia watu barua za kuomba kazi,
kwa kompyuta ya mtumba kutoka Kariakoo;
herufi N imeng'oka, unaibonyeza kwa ncha ya kalamu.
Nilitaka tu mashine inihesabie mizani.
Bando la usiku ni rahisi, nikajifunza usiku,
nikikosea nukta, nikikosea mabano,
hadi siku moja ikahesabu: nane kwa nane,
ikainyosha mistari kama mwalimu wa zamu.
Nikapiga makofi peke yangu.
Mlinzi akaja na tochi.

Kisha nikaandika mbuni.
Mbuni wa nyumbani Kamachumu, unaompa mama kahawa:
m, bu, ni. Silabi tatu.
Mbuni wa mbugani, mwenye shingo na mbio:
mbu, ni. Mbili.
Mashine ikasema mbili. Nikarudia. Mbili.
Haijui mti wala ndege.
Hata "wa" haisaidii, wote wawili ni wa;
inabidi usubiri kitenzi,
umezaa, au amekimbia,
ndipo urudi nyuma uhesabu upya.
Nikakaa nikiitazama, masika yakipiga bati,
nikagundua kwamba tangu utotoni nilijua kitu
bila kujua ninakijuaje.

Hilo ndilo nililowaandikia kwenye maelezo ya nia.
Rasimu nane za kwanza zilikuwa uongo uliovaa tai:
Tangu nikiwa mdogo nimevutiwa na teknolojia.
Tangu nikiwa mdogo nilivutiwa na ubuyu.
Ya tisa ilianza: Waheshimiwa, kuna mti na kuna ndege.

Daktari Mwakasungula, msimamizi wangu wa zamani,
alitia sahihi barua ya kunipendekeza bila kuniangalia.
"Unahama nyumba," akasema.
"Nahama na vyombo vyangu, Mwalimu."
Akaipuliza sahihi ili wino ukauke,
ingawa ilikuwa kalamu ya shilingi mia tatu
ambayo wino wake haulowi.

Ada elfu hamsini, kwa namba ya malipo.
Siku ya mwisho, saa tano na dakika hamsini na mbili usiku,
luku imebakiza uniti sifuri nukta nne,
nikabonyeza Wasilisha.
Feni ikazima. Sijui kilichotangulia.

Jibu lilikuja Juni.
Hapana, halafu mkato,
halafu: mwombaji asome hisabati, aombe tena mwakani.
Ule mkato nimeusoma mara nyingi
kuliko shairi lolote nililofanyia mtihani.

Sasa jioni nipo tuisheni Mchikichini, dawati la mbele,
magoti yamegusa ubao wa chini,
na watoto wa kidato cha tano wananiita Mama.
Mmoja, Shadhili, hunipa kifutio bila kuombwa.
Mwalimu anageuka, chaki mkononi,
anauliza: x ni nini hapa?

Bado sijui.
Nangoja kitenzi.