Neno Lililopita na Treni

Mimi nilikuwa kwenye mitambo, siasa msiniulize.
Betri mbili za lori, spika nne za tarumbeta,
na kipaza sauti nimekivalisha soksi
upepo wa Usoke usije ukahutubia kabla ya mwenyewe.

Saa tisa na dakika kumi
Mheshimiwa Nsolo alikishika
kama mtu anayekamua ng'ombe wa jirani,
akasema: Ndugu zangu,
miaka mitano iliyopita nilisimama hapa hapa
nikawa—

treni ya mizigo ya Kigoma ikapiga honi.

Mabehewa kumi na tisa. Niliyahesabu;
fundi aliyenyang'anywa sauti hana kazi nyingine.
Vumbi liliposhuka mkono wake ulikuwa bado juu,
mdomo unamalizia "maji",
na uwanja mzima unacheka.
Naye akacheka. Alidhani ni treni.

Nyanzobe muuza karanga anaapa kwa kaburi la mama yake:
hakusema *nikawaahidi*. Alisema *nikawahadaa*.
Ulisikiaje, nikamwuliza, nawe ulikuwa kule ghalani?
Sikusikia, niliona.
Ahidi humalizikia kwenye meno.
Hadaa humwacha mtu kinywa wazi.
Alibaki kinywa wazi.

Kasigwa, karani wa ushirika wa tumbaku, hataki kabisa.
Ulimi wa msomi, anasema, hautelezi ovyo.
Kisha, akiwa anafunga daftari:
lakini kama uliteleza,
uliteleza penye utelezi.

Magharibi neno lilikuwa limefika Urambo.
Kaliua lilifika limenenepa:
nikawahadaa, na mkinipa tena nitawahadaa tena.
Tabora mjini, kwa vinyozi wa Isevya,
alikuwa amelisema huku anakunywa maji ya chupa.
Hilo la chupa ni kweli.
Chupa niliifungua mimi.

Usiku msaidizi wake akaja na pikipiki, taa imezimwa.
Anataka ile rekodi.
Tukaisikiliza jikoni, mara tatu, mke wangu anapembua maharage.
Nikawa. Honi. Maji.
Nikawa. Honi. Maji.
Nikapunguza besi, nikainua sauti nyembamba,
nikatega sikio kama anayesikiliza mtoto tumboni:
chini ya honi pana kitu, pumzi, *a* moja
inayoweza kuwa ya mwanzo wa ahadi
au ya mwisho wa hadaa.
Naapa sijui.
Futa, akasema, akaweka elfu ishirini mezani.
Nifute nini, kaka? Honi?

Alipoondoka nikamweleza mama watoto ule ubishi,
upande huu kuahidi, upande huu kuhadaa.
Alikuwa ametoka na ndoo kwenye bomba la mradi,
lile lenye kibao cha marumaru na tarehe ya uzinduzi.
Akafungulia. Likakohoa, likatema mende mmoja,
likanyamaza.
Akarudi na ndoo nyepesi kama alivyotoka nayo.
Kwani hayo, akaniuliza, ni maneno mawili?

Jumamosi mkutano ukarudiwa.
Safari hii walimwuliza kwanza mkuu wa stesheni;
treni hakuna mpaka saa moja usiku.
Mheshimiwa akavaa miwani, akafungua karatasi,
akasoma kama mtoto wa darasa la kwanza
anayeogopa fimbo:
ni-ka-wa-a-hi-di.

Kimya.
Nilisikia betri zinavyochemka.
Halafu kule ghalani kicheko kimoja, cha mwanamke,
kikapokewa kwenye baiskeli, kikapokewa kwenye magunia,
hadi walinzi wake wakageuka pembeni kuficha nyuso.

Nikakimbilia waya, nikagusa kila kiungo,
nikapuliza kwenye soksi: moja, mbili.
Mitambo ilikuwa salama.
Neno lilikuwa limetoka lilivyoandikwa.